Mgeni wa Kusindikizwa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya majabali ya kijiji cha Mungaa wakati Emiliana alipotoka kwa jirani na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama yake alikuwa ameyatamani. Mgonjwa aliyekataa uji, akakataa mlenda, akakataa hata chai, akisema anatamani kitu, hukai ukamuuliza maswali. Unakwenda mbio kukileta. Upepo wa jioni ulikuwa umeshaanza vurugu zake, unakokota mabua ya alizeti uani na kuyagonganisha na ukuta.

Alipofika mlangoni akasikia mama yake anaongea.

Anaongea na nani? Nyumba ile ilikuwa ya watu wawili tu.

"Dawa ziweke kwenye mkoba wa mkononi," sauti ya mama ilikuwa inasema, polepole, kama mwanafunzi anayekariri somo. "Sanduku kubwa wanalichukua wao bandarini, linaweza kuchelewa kufika chumbani... Chagua chumba cha chini, katikati ya meli. Huko hakuyumbi sana. Ukisikia kichefuchefu, tafuna tangawizi."

Emiliana alisimama pale pale. Maziwa yakammwagikia vidoleni.

Maneno yale yalikuwa yake. Ndiyo aliyokuwa akiwaambia abiria kila safari, kwa Kiingereza, huku akitabasamu mpaka mashavu yanauma. Lakini hakuwahi kumweleza mama yake hata moja. Mama Magdalena bahari hakuijua. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya Ziwa Singidani, tena kupitia dirisha la basi.

"Mama, unaongea na nani?"

Emiliana akasukuma mlango, akaingia.

Kisha mama akajibu kwa unyonge, "Na mgeni wako."

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo, maana bila hivyo mtaniona natunga. Emiliana alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli kubwa ya watalii, zile zenye bwawa la kuogelea juu, majumba ya sinema ndani, na chakula kinachopatikana saa yoyote bila kulipia. Kijijini walimcheka alipoondoka. Mtoto wa wafuga ng'ombe, kuogelea hajui, anakwenda kufanya nini baharini? Akaenda, na kazi akaiweza. Akajifunza kukunja taulo zikawa bata maji au tembo na kuziacha kitandani ili abiria wafurahi. Akajifunza kuwakumbusha kuchukua koti wanapokwenda kula, maana ukumbi una baridi, na kurudi mapema wakishuka bandarini, maana meli ikishavuta nanga haimngojei mtu.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu asiyeshuka kabisa. Alikuwa anaishi humo. Alisema huko nchi kavu hana mtu, na ni afadhali meli kuliko nyumba ya kutunzia wazee. Chumba chake kilikuwa cha watu wawili, na cha mtu mmoja melini hakikuwepo, kwa hiyo kitanda cha pili kilikaa kitupu mwaka hadi mwaka. Bado alitaka kitandikwe kila siku. Jioni moja akamuuliza Emiliana habari za kwao. Emiliana akamweleza kuhusu majabali, alizeti, mama yake. Mwishoni akasema lile neno ambalo sisi sote tunalisema bila kufikiri.

"Karibu kwetu, Bibi. Karibu sana."

Bibi akamshika mkono. "Kweli?"

"Kweli kabisa."

Wiki hiyo hiyo bibi akafa. Meli zile zina chumba cha baridi cha kuhifadhia maiti, ingawa abiria hawaonyeshwi. Bandari iliyofuata akateremshwa kwa mlango wa nyuma, wakati wenzake wako mbele wanapanga foleni ya mabasi ya matembezi. Hakuna aliyemsindikiza. Emiliana alikuwa anabadilisha mashuka ya wengine.

Na sasa alikuwa nyumbani likizo, na tangu aingie mama yake alikuwa anayeyuka. Hospitali walipima kila kitu wasione kitu. Katekista aliomba mpaka sauti ikakauka. Chumba cha mgonjwa kilinuka dawa ya bwawa la kuogelea, ile inayochoma pua. Jioni, upepo ukitulia kidogo, kengele ndogo ililia mahali fulani hewani... *ting... tong...* kama ile ya melini kabla ya tangazo. Na miguuni pa mama, siku hiyo, kanga yake ilikuwa imekunjwa vizuri sana. Shingo ndefu. Mabawa mawili.

Emiliana hakuikunja.

Na mikono ya mama haikuweza hata kushika kijiko.

Akaweka kibuyu juu ya kigoda na kutoka mbio. Alirudi kule kule alikotoka, kwa jirani Dorika, mjane aliyekuwa anachochea moto chini ya chungu cha maharage. Akamweleza yote huku analia. Dorika alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwa Dorika si dogo.

"Ulimkaribisha wewe mwenyewe?" akauliza.

"Mimi, mama mdogo."

"Basi ndiyo maana maombi hayamgusi. Umemkaribisha, utamfukuzaje? Mgeni kama huyo anasindikizwa."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mbugani, kule kusiko na nyumba. Mbebee mkoba, mshike mkono, usirudi mpaka yeye akuache." Dorika akashusha sauti. "Na sikiliza, Emi. Hatataka kwenda. Ataiga sauti ya mama yako. Atalia. Atakuomba. Ukimwonea huruma, mama huna."

"Umejuaje haya?"

Dorika akageuzia macho motoni. "Bibi yangu alikuwa anasema hivyo. Zaidi ya hapo sijui. Nenda, giza linaingia."

Emiliana alirudi nyumbani. Chumbani taa haikuwa imewashwa. Akasimama mlangoni, akasema, "Mgeni... inuka nikusindikize."

Walikuwa wawili.

Mmoja alilala kitandani, blanketi mpaka masikioni, uso ukutani. Mwingine alikaa ukingoni mwa kitanda, amejifunika shuka jeupe kuanzia kichwani, na mkoba mdogo miguuni. Yule wa ukingoni alikuwa anayumba taratibu, mbele na nyuma, kama aliye juu ya maji.

Emiliana akamwinamia yule aliyelala. "Mama, narudi sasa hivi."

Mkono ukatoka chini ya blanketi ukaminya wake. Ulikuwa wa moto, wenye nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, Emiliana akapata moyo. Mama anapona! Akachukua mkoba, akamshika yule mwenye shuka. Mkono wake ulikuwa baridi, mifupa mitupu.

Wakatoka.

Walipita kando ya shamba la alizeti. Mgeni alitembea kwa shida, akiburuza miguu, na kila baada ya hatua chache alitaka kukaa chini. Emiliana alimvuta. Walipofika kwenye mteremko sauti ikatoka chini ya shuka.

"Emi... unanipeleka wapi?"

Nywele zikamsimama. Ilikuwa sauti yenyewe. Hata ile kukwama kidogo kabla ya jina.

Emiliana akaanza rozari moyoni.

"Miguu inaniuma, mwanangu. Turudi."

*Salamu Maria...*

"Emi, mimi mama yako. Kwani nimekukosea nini?"

Emiliana alikuwa analia kwa uchungu, machozi na kamasi pamoja, lakini hakulegeza mkono. Alimchukia yule kiumbe kwa kuijua sauti ile vizuri namna hiyo. Akamvuta kwa nguvu zaidi, akamsikia akijikwaa, akamwinua, akamvuta tena.

Mbugani ardhi ilikuwa imekauka na kupasuka. Lakini hewa... hewa ilinuka chumvi. Na mbele, mahali ambapo hata nguzo ya umeme haijafika, palikuwa na taa.

Safu ya taa. Juu yake safu nyingine. Juu yake nyingine.

Madirisha.

*Ting... tong...*

Kutoka gizani ukanyooka mkono wenye glavu nyeupe. Mkono tu, kwa adabu, kama wanavyowapokea abiria mlangoni. Yule mwenye shuka akaacha kulia. Alisimama kidogo, kama mtu aliyechoka kubishana na mtoto.

"Yale maziwa yafunike," akasema. "Inzi wasiingie."

Akapokelewa.

Honi ikalia mara moja, nzito, mpaka mbavu za Emiliana zikatikisika. Taa zikazimika. Ukabaki upepo na mbuga.

Alirudi mbio, anacheka na kulia. Kwenye alizeti akakutana na mzee Ignas anarudisha mbuzi wake waliochelewa.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, binti. Naona mama kapata nafuu?"

"Kapona, baba! Namshukuru Mungu!"

"Lakini kumtembeza hivyo jioni hii, si mapema mno? Nimemsalimia mlipopita, hakuitika. Analia tu." Ignas akatazama nyuma yake. "Umemwacha wapi?"

"Yule si mama. Yule alikuwa mgeni."

"Mgeni?" Mzee alimwangalia vibaya. "Magdalena nimekua naye. Shuka lilikuwa limemteleza usoni, nimemwona kwa macho yangu. Umemwacha wapi mama yako, binti?"

Emiliana alikimbia nyumbani.

Taa ilikuwa inawaka chumbani. Kitandani mama yake alikuwa ameketi wima, mto mgongoni, nywele zimechanwa, mashavu yamejaa kama ya mtu aliyelala na kula vizuri mwezi mzima. Uso ulikuwa wa mama. Kovu dogo la nyusi lilikuwepo. Alikuwa amekunja mikono juu ya blanketi, anangoja.

Emiliana akapiga goti. Alitaka sana awe amekosea Ignas, siyo yeye. Alisema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."

Mwanamke akamtazama kwa upole. Akatabasamu, kama mtu asiyejua anachodaiwa lakini hataki kukosa heshima.

"Asante," akasema.

Usiku ule Emiliana alizunguka mbuga yote akiita, mpaka Ignas na vijana wakaenda kumrudisha kwa nguvu. Alikuwa na udongo mdomoni. Alisema alikuwa anauonja kama una chumvi.

Asubuhi nyumba ilijaa watu. Dorika alipiga vigelegele. Katekista aliomba tena, safari hii ya shukrani, na mgonjwa aliyefufuka akapokea mikono ya wote, akisema asante, asante sana. Siku chache baadaye alikuwa anatembea uani. Anajifunza upesi, sasa hata marahaba anaitikia vizuri. Ni Ignas peke yake asiyeingia ndani ya nyumba ile, na akiulizwa kwa nini husema mbuzi wanamsumbua.

Kijiji chote kinamhurumia yule mama. Amepona yeye, wanasema, na akili za binti ndizo zilizoharibika. Kila jioni Emiliana anashuka mbugani na kusimama pale kwenye ardhi iliyopasuka, anaita "Mama! Mama!" mpaka sauti inakatika, na huku mama yake yuko nyumbani, mzima wa afya, anangoja atandikiwe kitanda.