Mlango Kati ya Ghorofa Mbili

Saa saba na dakika kumi mchana umeme ulimulika ng'ambo ya bonde. Mtaalamu wa maabara alisimama kwenye mgongo wa mlima akaanza kuhesabu kwa sauti. Ngurumo ilimfikia alipotaja ishirini na saba.

"Kilomita tisa," alisema. "Tunarudi."

Fundi lifti, hatua sita mbele yake, hakugeuka. Alikuwa na viatu vyake vya kazini na, chini ya koti, shati jeupe lenye mikunjo ya dukani. Nani hupanda mlima na shati jipya? Mtaalamu mwenyewe alikuwa ndani ya koti la mvua la rangi ya chungwa, na viatu vya kuazima vilivyokwisha kumchubua kisigino.

"Kileleni ni dakika ishirini, mpenzi."

"Ulisema hivyo dakika arobaini zilizopita."

"Subira huvuta heri, Bi Vichupa."

"Leo inavuta radi."

Mtaalamu alikuwa na sababu ya kuhesabu hata dakika. Mezani kwake kulikuwa na fomu ya uhamisho kwenda tawi la ng'ambo ya mlima huu huu, mwendo wa saa tano kwa barabara inayouzunguka. Jumatatu asubuhi fomu ilitakiwa irudi, na sahihi au bila sahihi. Kwa hiyo Jumanne alimpigia fundi simu akamuuliza bila kupamba: "Tunaoana au hatuoani?" Fundi akasema: "Nitakujibu Jumamosi, kileleni."

Shangazi yake, ndiye aliyemlea, alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. "Mwanaume anayetaka kuoa hahitaji mwinuko, mwanangu. Mwambie ajibu akiwa amekaa."

Fundi alikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, miezi kumi na minne iliyopita. Ilikuwa saa nne asubuhi, hospitali imefurika watu, na lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani mtaalamu alikuwa peke yake na vichupa kumi na kimoja vya damu vilivyotakiwa kufika maabara ndani ya nusu saa. Juu, kwenye upenyo wa mlango, aliona viatu vya kazini.

"Fungua kidogo tu, nikupe sanduku."

"Mlango haufunguliwi katikati ya ghorofa, dada. Lifti isawazike kwanza."

"Hizi ni damu za wagonjwa."

"Na hiyo ya kwako?"

Lifti ilisawazika baada ya dakika hamsini. Vichupa vyote vilitupwa. Alimchukia mtu yule siku nzima, mpaka kesho yake alipotokea kwenye dirisha la maabara akiwa amekunja mkono wa shati. "Sina damu ya watu kumi na mmoja," alisema, "lakini mkono ni huu."

Umeme wa pili. Kumi na nane.

"Kama ni hapana, iseme hapa hapa," alimwambia. "Hapana haihitaji kilele."

"Nani kasema hapana?"

"Nani kasema ndiyo?"

"Mimi namaliza kazi ndipo nazungumza. Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nashuka."

Akageuka. Nyuma yake nguzo nyeupe ya kileleni ilionekana wazi, na alijua fundi alikuwa akiitazama. Hakumsubiri. Alihesabu hatua zake mwenyewe, na alipofika sitini alisikia viatu vya kazini nyuma yake, na kitu cha chuma kikigongana.

"Begi lako lina nini?"

"Spana."

"Umepanda mlima na spana."

"Huwezi kujua."

Kumi na mbili. Waliacha mgongo wa mlima wakateremka hadi kwenye kibonde kisicho na mti wala mwamba mrefu. Alimwamuru akatupe begi mbali. Aliporudi, akachuchumaa karibu naye.

"Sogea kule. Hatua ishirini."

"Mvua yote hii nikae mbali nawe?"

"Radi ikipiga, abaki mmoja wa kumsaidia mwenzake. Unganisha miguu. Usilale chini."

Mvua ya mawe iliwashukia. Sita. Nne. Maji yalimwingia viatuni, na hasira yake haikupoa. Siku nne za kungoja, kisigino kimechunika, na jibu limebaki juu kwenye nguzo.

"Tunaoana," fundi alipaza sauti.

"Hatujafika kileleni."

"Najua tulipo. Tuko katikati ya ghorofa, na nimefungua."

Alimtazama. Koti lake lilikuwa wazi, na shati jipya limemganda mwilini.

"Kutoka juu mji wetu unaonekana upande huu," aliendelea, "na huo wa kwako mpya upande wa pili. Nilitaka nikuonyeshe yote miwili, uchague tukae wapi. Huko nako wana lifti. Wamekubali kunichukua."

"Ungeniambia Jumanne."

"Jumanne walikuwa hawajanijibu. Wamenijibu jana."

"Basi ungeniambia jana."

"Jana nilikuwa natafuta shati."

"Nitakuja kukupiga."

"Huruhusiwi kusogea. Hatua ishirini, umesema mwenyewe."

Akainamisha uso magotini ili asionekane akicheka. Aliendelea kuhesabu. Nane. Kumi na tano. Thelathini na moja. Walisubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho, kama alivyotaka yeye, kisha fundi akaenda kuchukua spana zake, akarudi akampa mkono.

Saa kumi na moja na dakika ishirini, kwenye kituo cha basi chini ya mlima, simu ilipata mtandao. Alimpigia shangazi yake.

"Amejibu?"

"Amejibu, shangazi. Ni ndiyo. Na fomu naitia sahihi."

"Wewe si ndiye unayesema kwenu maabara jibu halitoki mpaka mtu wa pili alithibitishe?"

Akampa fundi simu. Fundi alifuta kiganja kwenye shati lililolowa, akaipokea.

"Shikamoo, shangazi," alisema. "Ni kweli."