Dawa Kabla ya Kidonda

"Babu Chungu, nipikie dawa tano za kuponya. Naingia pangoni."

Ujumbe huo uliingia ndani ya gemu. Nje ya gemu, Babu Chungu ni fundi friji aliyekimbiwa na mkewe. Ndani yake ni mpishi wa dawa, na mteja wake mkubwa ni askari mpya anayejiita Mwiba.

Fundi akatia majani chunguni, akakoroga kwa kidole juu ya kioo cha simu mpaka dawa ikawa nyekundu.

"Tayari. Nikusindikize?"

"Kama huna kazi."

"Kazi ninayo. Twende."

Jitu la pangoni halijajitokeza, Mwiba akagida chupa zote tano. Hakuwa na hata mchubuko, dawa ikapotea bure. Fundi akacheka peke yake.

Wakati huo msusi mmoja alikuwa ameinamia simu nyumbani kwa dada yake.

"Unacheza na nani?" dada mtu akauliza.

"Na mume wangu. Hajui ni mimi."

"Si kesho tunaenda kuchukua kabati lako?"

"Ndiyo."

"Sasa mnaachana au mnafanya nini?"

Msusi alikuwa amesikia kwa watu kwamba mumewe amepata kazi mji wa mbali, akafungasha siku hiyohiyo. Baba yao aliondoka hivyohivyo, kwa kazi ya mbali, hakurudi. Yeye aliapa hatasubiri kuachwa.

Ujumbe ukaingia.

"Mwiba, mbona unakunywa dawa kabla hujaumia?"

"Tahadhari tu."

"Nina mke wa hivyo. Sijamwambia habari ya kazi, kashaondoka. Nilikuwa nangoja wanijibu kama kuna nyumba ya watu wawili."

Msusi akaketi kitandani.

"Wakasemaje?"

"Ipo. Ina hadi kibaraza cha kusukia."

Jitu likamshukia Mwiba na rungu. Msusi hakugusa kitu, machozi yalikuwa yameziba kioo.

"Mbona hukunipigia?" akaandika.

"Umenifungia namba."

"Umejua lini ni mimi?"

"Chupa ya kwanza."

"Basi nipe moja. Sasa nimeumia kweli."

Fundi akampa ya mwisho aliyokuwa nayo.

Kesho yake gari la mizigo lilifika. Likapakia kabati la msusi, kitanda chao na friji mbovu za fundi, likaelekea mji wa mbali. Dada mtu alipunga mkono kidogo, akalalamika kwamba yeye alikuja kubeba kabati tu.