Inchi Mbili za Kiuno

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta. Mengine niliyowahi kusimulia, kama ya yule samaki mgebuka aliyepiga honi hadi meli ikampisha, sikatai, yalikuwa na chumvi. Haya sikutia hata punje. Mkiniuliza nilijuaje yaliyosemwa nisipokuwepo, nitawajibu kwamba tangu nistaafu ukaguzi wa tiketi za treni, mimi Feliksi hushinda kibarazani kwa Heritier, fundi cherehani wa Rusimbi. Na sikio langu la kushoto linasikia mpaka Kalemie, ng'ambo ya ziwa.

Ilikuwa Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko kwao wanashushwa bandarini Kigoma kwa mamia. Gati lilijaa magodoro, sufuria, mbuzi, na akina mama waliobeba watoto mgongoni na tumboni kwa wakati mmoja. Jua lilikuwa kali hata samaki walikuwa wanaomba kivuli. Heritier alikuwa ameitwa na cherehani yake kuunganisha maturubai. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mrefu, kofia ya kapelo imejaa sindano kama nungunungu. Yeye mwenyewe alishukia gati lile lile mwaka tisini na sita akitokea Uvira, Kongo, mkasi wa marehemu baba yake mfukoni.

Mezani, akiandikisha watu, alikuwa Restituta, afisa ustawi wa jamii aliyehamishiwa kwetu kutoka Sumbawanga. Blauzi nyeupe, sketi ya bluu iliyombana vizuri, nywele fupi kama za mwanafunzi. Aliinama kumwinua mtoto aliyelala chini, na sketi ikapasuka nyuma, praa!

"Dada, usigeuke," sauti ikasema mgongoni kwake.

"Kwa nini nisigeuke?"

"Ukigeuka, gati zima litajua ninachokijua mimi."

Akasimama wima kama mlingoti. Heritier akachomoa sindano kofiani, akasogeza turubai kuwakinga, akaanza kushona pale pale, naye Restituta anaendelea na foleni, salamu kwa Kirundi.

"Amahoro, mama. Jina? Mko wangapi?"

"Vuta pumzi," Heritier akanong'ona.

"Watoto wanne? Mmoja ana miaka mingapi?"

"Usicheke, nitakuchoma."

"Fundi, harakisha, watu wananiangalia!"

"Wanakuangalia kwa sababu wewe mzuri, si kwa sababu ya sketi." Kisha mkono wake ukatulia. "Lakini mshono huu wa kiunoni umefumuliwa na kushonwa mara tatu. Nani anabana na kuachia hivi?"

Restituta hakucheka tena. "Wewe shona. Usiulize."

Kesho yake alikuja kibarazani kulipa. Heritier akakataa hela. Akaja tena na sketi ya pili, kisha ya tatu, na mimi nilishuhudia kwa macho yangu kwamba ile ya tatu ilikuwa nzima kabisa, ameifumua mwenyewe njiani.

Simu zikaanza.

"Afisa, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chai."

"Sheri wangu, chai si chakula. Chai ni maji yaliyokwenda shule. Shuka ufukweni Kibirizi saa kumi, nitakuchomea mgebuka."

Ni huko Kibirizi, samaki mikononi, alipomweleza. Miaka miwili iliyopita tumbo lilianza kumvimba, na majirani Sumbawanga wakampongeza kwamba ni mjamzito. Hakuwa mjamzito. Ilikuwa saratani ya mifuko ya mayai. Madaktari Mwanza waliondoa mifuko yote miwili na kizazi, wakamtundikia dripu za dawa mara sita, nywele zikaisha. Sasa kila baada ya miezi mitatu hupanda basi kwenda kuangaliwa kama imerudi.

"Kwa hiyo mimi sizai, Heritier. Bora ujue mapema uende zako."

Heritier akachomoa mwiba menoni. "Sikukuuliza kama unazaa. Nimekuuliza kama kichwa cha samaki unakula wewe au nikile mimi."

Akakila Restituta, na machozi yakiwa yanamtoka.

Jambo moja hakumwambia. Chini ya mto wake wa kulalia, kule Bangwe alikopanga, alikuwa na tepu ya fundi na daftari la shule. Kila asubuhi kabla ya kunywa maji, na kila jioni, alijipima kiuno na kuandika: ishirini na tisa. Ishirini na tisa. Ishirini na tisa na nusu. Siku ya nusu hakuweza kumeza kitu. Akila maharage tumbo likajaa gesi, yeye aliona jeneza. Akishiba haraka, aliona jeneza. Mgongo ukiuma kwa kubeba magunia ya blanketi za wakimbizi, alihesabu siku zilizobaki hadi Mwanza, na hakukaa kitako sehemu moja. Atafagia, atafua, atapanga upya vyombo vilivyokwisha kupangwa. Heritier alimwita Afisa Kiguu na Njia, akidhani ni tabia tu.

Desemba, Heritier akaamua kuoa. Sasa, wale ndugu zetu waliotoka ng'ambo ya ziwa wana utaratibu wao hapa Rusimbi. Mwanamume hupeleka gauni la kitenge lililoshonwa tayari. Mwanamke akilivaa Jumapili likaonekana, wazee hujua njia iko wazi, watapeleka posa. Akilirudisha, amekataa, na hakuna wa kumwuliza tena. Restituta alielezwa nusu ya kwanza na mama mwenye nyumba. Nusu ya pili hakuna aliyemwambia.

Heritier alinunua kitenge cha Uvira, bluu nzito yenye ndege kanga wa njano, kigumu kama bati. Kila fundi anajua kitenge kipya huloweshwa kwanza, kikauke, ndipo kikatwe, maana maji ya kwanza hukifanya kinywee. Mapenzi yalikuwa yamempanda kichwani, akasahau kuloweka. Nasema alisahau. Tuendelee. Alikata kiuno inchi thelathini, ishirini na tisa za mwenyewe na moja ya kupumulia, akashona siku mbili huku anaimba, akalipeleka Bangwe limefungwa kwa utepe.

Restituta alilipokea akacheka hadi akakaa chini. Kwa vile mama yake alimfunza kutovaa nguo mpya bila kuifua, akalifua, akalianika, akalipiga pasi. Jumapili asubuhi, mafuta ameshapaka, hereni ameshavaa, akalivaa. Zipu ikapanda, ikafika kiunoni, ikagoma.

Akabana pumzi. Ikagoma. Akalala kitandani akaivuta kwa nguvu, ikamng'ata ngozi.

Akachukua tepu. Ishirini na tisa na nusu. Nusu inchi tu, lakini sikilizeni namna hofu inavyopiga hesabu. Alisema moyoni: tepu yangu imechakaa, inaweza kukosea, ila mkono wa Heritier haukosei. Kama gauni la Heritier haliniingii, basi mimi ndiye nimevimba. Imerudi.

Mchana huo nilikuwa napita Bangwe.

"Shikamoo, Mzee Feliksi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujavaa? Watu wanakusubiri."

Akanipa gauni limefungwa kwenye gazeti. Macho yalikuwa mekundu. "Mpelekee fundi. Mwambie haliniingii. Mwambie na asinitafute."

Nilifikisha ujumbe neno kwa neno. Heritier alitazama gazeti lile, hakulifungua.

"Amerudisha," akasema.

"Kasema halimwingii."

"Mzee, tangu Uvira sijawahi kukosea kiuno cha mtu. Hayo ni maneno ya adabu ya kumkataa mkimbizi." Akalitupa ndani ya sanduku la vipande. Alipiga simu mara moja, imezimwa. Akasikia afisa amechukua likizo, ameondoka kwenda Mwanza. Akaamini kuna mwanamume Mwanza mwenye ofisi na tai. Siku tisa alishona bila kuimba, na wateja wakaondoka na suruali zenye miguu isiyolingana.

Siku ya kumi akaja Mama Agnesi wa Ujiji, anataka gauni la harusi ya mwanawe, haraka.

"Ninalo moja," Heritier akasema kwa uchungu. "Halina mwenyewe."

Akalitoa, na kwa mazoea ya mkono tu akapitisha tepu kiunoni. Ishirini na nane. Akapitisha tena. Ishirini na nane. Akageuza mshono ndani nje, ulikuwa ule ule wake, haujaguswa. Akaokota kipande kilichobaki cha kitenge kile, akakipima, akakitumbukiza kwenye ndoo, akakikausha kwa pasi, akakipima tena. Kilikuwa kimenywea.

"Mama, gauni haliuzwi," akasema, na kabla Mama Agnesi hajamaliza kumtukana, Heritier alikuwa ameshafunga duka.

Simu ya Restituta ilikuwa imewashwa siku hiyo kwa sababu hospitali ilimwambia iwe hewani, atapigiwa majibu yakiwa tayari. Ilipoita aliruka.

"Haloo, daktari?"

"Si daktari. Ni fundi. Resti, usikate! Gauni limenywea. Nilikata thelathini, sasa ni ishirini na nane. Kitambaa hakikuloweshwa. Wewe hujavimba, sheri, ni gauni lililokonda!"

Restituta akaibana simu sikioni.

"Unanidanganya ili nirudi."

"Mimi? Fundi? Unajua inavyonichoma kusema nguo yangu ina kosa? Umewahi kunisikia?"

Heritier akasikia kicheko chembamba, kisha kilio, kisha vyote kwa pamoja. Halafu sauti ikarudi, imetulia, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Heritier, gauni si daktari. Linaweza kuwa limenywea na ugonjwa nao umerudi. Vyote viwili vinawezekana."

"Vinawezekana."

"Sasa umenipigia ya nini?"

"Kukwambia kwamba niko kwenye basi, tumepita Nyakanazi, jirani yangu ana kuku, na kuku ameshanizoea. Kesho asubuhi niko hapo. Majibu tutayasikia wawili."

Walisikia wawili. Walikaa kwenye benchi la mbao, Restituta na kitambaa kichwani, Heritier na manyoya ya kuku kwenye koti. Daktari akasema picha ni safi, damu ni nzuri, aje tena baada ya miezi mitatu. Heritier aliruka akapiga kelele, nesi akamfukuzia nje. Restituta akamfuata nje polepole.

"Hufurahi?" Heritier akauliza.

"Nafurahi. Ila ni ya leo tu, Heritier. Kesho nitakula maharage na nitaanza upya." Akafungua mkoba, akamwonyesha daftari na tepu. Miezi ishirini na moja ya namba, mara mbili kwa siku. "Huyu ndiye unayetaka kumwoa. Mtu anayejipima kama kitambaa."

Heritier alifunua kurasa zote, taratibu, kama anasoma barua. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe tepu."

"Sitaweza kukaa bila kujua."

"Hutakaa bila kujua. Kupima ni kazi yangu, nimeisomea. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne, nitakupima mimi. Nikiona tofauti nitakwambia pale pale, sitaficha hata robo inchi, tutapanda basi. Siku nyingine ukiumwa, unaniambia, tunakwenda kwa daktari. Ila tepu haitalala chini ya mto."

"Na nikishindwa? Nikijipima kwa kamba za viatu vyako?"

"Nitavaa ndara."

"Na hofu je?"

"Ije. Si mgeni tena, itakaa kibarazani. Viti vyote anavikalia Mzee Feliksi, lakini tutamsogeza."

Restituta akaishika tepu muda mrefu. Kisha akamvika shingoni, mahali pake.

"Posa mnaleta lini?"

"Posa gani? Ulirudisha gauni. Kwetu hiyo ni hapana."

"Eti nini?" Akaweka mikono kiunoni, watu wakageuka. "Sumbawanga, gauni lisiloingia linarudishwa kwa fundi alipanue!"

Wakaoana baada ya Pasaka. Mimi nilikula sahani tatu.

Hapa ndipo nilipotia nukta, na juzi nikawasomea wenyewe kibarazani, nikitarajia makofi. Restituta alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mzee Feliksi, pale kwenye kuloweka. Soma tena."

Nikasoma. "Mapenzi yalikuwa yamempanda kichwani, akasahau..."

"Nani alisahau?"

Nikamtazama Heritier. Akawa anatafuta sindano ambayo iko kofiani.

"Aliniambia siku ile ile kwenye simu," Restituta akasema, "nawe hapo umeruka. Fundi alikupa kitenge na ndoo, akaenda kwa mteja. Wewe ukamkuta rafiki yako Anatoli bombani, ukaanza hadithi. Ukalowesha ncha moja, ukakianika, ukasema tayari. Anatoli mwenyewe ameshasema."

Nilijaribu kusema siku hiyo maji yalikatika. Nikajaribu kusema nilikuwa na malaria. Watu wa kibarazani wakaanza kucheka, nami nikacheka nao, nikidhani itapita hivyo.

Restituta hakucheka. "Siku kumi, mzee. Niliandika nani achukue masufuria yangu. Niliandika nizikwe wapi."

Jana nilikwenda Ujiji, nikanunua kitenge kingine, yadi sita, bluu ile ile, ila ndege wake ni weupe. Leo asubuhi wakaniwekea beseni katikati ya kibaraza, Rusimbi nzima inatazama, na Restituta amesimama juu yangu.

"Nilikuwa na haraka tu mwanangu, unajua siku ile ziwa lilikuwa limepan..."

"Lowesha, mzee. Mpaka katikati."

Nikakizamisha chote, mikono ikaingia hadi viwiko.