Kifaa cha Pili

Haya yalimpata rafiki yangu mshonaji, na yeye si mtu wa kutia chumvi. Tangu mumewe afariki, nyumba ilikuwa kimya mpaka unasikia friji ikipumua. Akaamua kuhamia intaneti ya faiba, walau awaone wajukuu bila picha kugandaganda.

Fundi alitoboa ukuta, akapitisha waya, akawasha kisanduku kipya. Neno la siri mshonaji alilichagua mwenyewe, akaliandika bila kulitamka.

"Mnaishi wangapi hapa, mama?"

"Peke yangu."

"Mbona vilivyounganishwa ni vifaa viwili?"

Akamsomea orodha: simu ya mshonaji, na nyingine iitwayo "Simu yagu".

Mshonaji akakaa chini. Marehemu ndiye aliyeipa simu yake jina hilo, na miaka yote mkewe alimcheka: "Umemeza n, mume wangu."

"Labda ya jirani," fundi akasema, akaifuta kwenye orodha.

Mshonaji akafungua kabati, akapapasa gizani nyuma ya mashuka. Simu ya mumewe ilikuwepo, ya baridi, haina betri.

Nyuma yake kisanduku kikalia, tik.

"Imerudi, mama," fundi akasema. "Ila sasa imeandikwa sawasawa: Simu yangu."