Msichana Aliyeitwa Siye Huyu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Enebish alizoa majivu ya jiko, akaingiza samadi kavu ya kuwashia moto, kisha akasimama mlangoni kumsubiri bibi yake arushe kijiko cha kwanza cha chai kuelekea mbinguni kama sadaka. Bibi Dulam hakuwa na haraka hata kidogo. Alirusha chai upande huu, akarusha upande ule, na baridi ikaingia hemani mpaka masikio ya Enebish yakauma.

"Bibi, nitachelewa!"

"Shule haina miguu, haitakukimbia. Vaa kofia."

Wazazi wa Enebish walikuwa mbali bondeni na kondoo na farasi wao. Wakati wa masomo yeye na bibi yake waliishi katika hema la manyoya pembezoni mwa mji wa Tsetserleg. Enebish alikuwa darasa la sita. Aliipenda hesabu na alimpenda rafiki yake Anujin, lakini kulikuwa na jambo moja lililomkera kila siku ya Mungu, nalo ni kuitwa majina darasani.

"Anujin wa kwanza?" aliita Mwalimu Oyun. "Wa pili? Wa tatu?" Wote watatu waliitika. "Enebish?"

"Siye huyu, Mwalimu!" alidakia Temuulen, huku akijigusa kifua. "Wala huyu siye! Labda yule!"

Darasa zima liliangua kicheko, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya Enebish: siye huyu. Wenzake waliitwa Nuru, Wimbo na Ua la Lulu. Yeye aliitwa hivyo, na hakujua kwa nini.

Siku hiyo mwalimu aliwapa kazi. "Mkiwa nyumbani, waulizeni wakubwa wenu ni nani aliyewapa majina, na aliwapa kwa nini. Nami nitapita ofisi ya kuandikisha vizazi, niulize kila jina lina watu wangapi katika mkoa wetu. Ijumaa ni mkutano wa wazazi. Karatasi zote nitazibandika ukutani."

Enebish aliuma kalamu yake. Aliwahi kumuuliza mama yake kiangazi kilichopita, walipokuwa wakikamua. Mama alishtuka, akaipiga ndoo teke, maziwa yote yakamwagika nyasini. "Usiniulize hilo tena," alisema, na hakumtazama. Tangu siku hiyo Enebish alijijibu mwenyewe. Bila shaka walitaka mvulana, wakaletewa yeye.

Jioni ile Bibi Dulam alikaa kando ya jiko akishona kola ya joho. Enebish alifungua kinywa mara mbili, akakifunga mara mbili. Mwishowe aliinamia karatasi yake akaandika: "Jina langu nilipewa na bibi. Alikuwa anataka mjukuu wa kiume. Aliponiona alisema, siye huyu niliyemtaka. Bibi ameniambia mwenyewe."

Alijua kwamba ile sentensi ya mwisho ilikuwa uongo mtupu. Hata hivyo hakuifuta.

Kesho yake Anujin aliisoma, macho yakamtoka. "Ameniambia mwenyewe? Hee! Bibi gani huyo mwenye roho mbaya hivyo?"

"Ndivyo alivyo," alisema Enebish.

Habari zilienea. Temuulen aliacha utani wake, akamkatia kipande cha jibini kavu bila kuombwa. Wasichana walimpisha akae karibu na jiko la darasa. Kusema kweli Enebish aliifurahia huruma ile. Wala hakuihofia Ijumaa, maana bibi yake alikuwa na magoti mabovu na hakuwahi kukanyaga mkutano wa wazazi hata mara moja.

Ijumaa ikafika. Wazazi walikuwa wamejaa darasani, mabirika ya chai yenye chumvi yakizungushwa, mlango ulipofunguliwa. Bibi Dulam aliingia! Alivaa joho lake la hariri ya buluu, mkono mmoja ameshika fimbo, mwingine mfuko wa maandazi.

"Hamjambo, wanangu," alisema bibi, akihema. "Nimesikia mmebandika majina. Nikasema la mjukuu wangu lazima nilione."

Hakuna aliyemsogezea kiti. Mama yake Anujin alijivuta pembeni, akamnong'oneza jirani yake, "Ndiye yeye." Bibi hakusikia. Alikuwa ameshatoa miwani na kuanza kupita karatasi moja baada ya nyingine, kidole kikifuata maandishi, maana alisoma polepole.

Enebish alitaka kukimbia akaichane ile karatasi, lakini wazazi walikuwa wamemzibia njia. Kidole cha bibi kilifika kwenye jina lake. Kikaenda mpaka mwisho, kikarudi mwanzo, kikaenda tena. Kisha kikabaki palepale juu ya neno la mwisho.

Bibi Dulam alikalia kiti kidogo cha mwanafunzi bila kuangalia nyuma. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Enebish," alisema. "Nilikuambia lini maneno haya?"

Enebish alitazama chini.

"Hukuniambia, Bibi."

"Nini?" Mwalimu Oyun alishika mdomo. "Si niliwaambia mkaulize? Umeandika 'ameniambia mwenyewe'!"

"Mwache kwanza, Mwalimu," alisema bibi. "Kosa lipo, lakini na mimi nilinyamaza. Jambo hili kwetu halitamkwi mpaka mtoto amalize miaka kumi na miwili, ule mwaka wa mnyama aliozaliwa umrudie, maana wanyama wa miaka ni kumi na wawili. Nilikuwa nausubiri Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu unaokuja. Lakini siwezi kutoka humu nikiwa nimebeba maneno yale."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mkono wa joho.

"Kabla yako, mama yako alizaa watatu. Wa kwanza aliishi siku tisa. Wa pili mwezi. Wa tatu alikuwa ameshaanza kucheka." "Ulipozaliwa wewe, hatukuthubutu kufurahi kwa sauti. Nilikulaza chini nikakufunika kwa sufuria kubwa. Jirani akaingia akauliza, 'Humu mna mtoto?' Nikamwambia, 'Hamna, mna sufuria tu.' Akakutoa kwa kukupitisha chini ya ukuta wa hema, akazunguka, akaja mlangoni kama mgeni. 'Nimeokota mtoto njiani. Mnanunua?' Nikakununua kwa sindano yangu nzuri kuliko zote, ili hicho kinachowachukua watoto wetu kidhani wewe si wetu."

Wazee wawili waliokuwa nyuma walitikisa vichwa kuafiki. Waliijua desturi hiyo.

"Majira yale yote ya baridi sikulala vizuri. Upepo ukitikisa mlango, nainuka, nasema kwa nguvu, 'Siye huyu! Mnayemtafuta siye huyu!' Nikasema na kusema, mpaka likawa jina lako."

Enebish alipigwa na butwaa. Watatu! Alikuwa na ndugu watatu, na hakuna siku aliyojua. Akaikumbuka ndoo ya maziwa na uso wa mama yake uliogeuzwa pembeni. Aliufuata ukuta, akaibandua karatasi, akawageukia watu wote.

"Nimedanganya," alisema, machozi yakimtiririka. "Bibi hakusema haya. Sikumuuliza kabisa, niliyatunga tu. Na mliponionea huruma nikafurahi. Bibi, nisamehe."

Mama yake Anujin alikuwa wa kwanza kuinuka. Alijaza bakuli la chai, akampelekea bibi kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa. "Nisamehe na mimi, mama. Nimekuhukumu bure."

"Hebu nipe chai, mwanangu, koo limekauka," alijibu bibi, na watu wakapumua.

Mwalimu Oyun alifunua daftari lake. "Wacha niwasomee nilichopata ofisini. Anujin katika mkoa wetu ni mia mbili na kumi na moja. Enebish ni wanne. Watatu ni wanaume wazee. Msichana ni mmoja."

"Mmoja mkoa mzima!" Temuulen alimaka. "Hatari!"

"Unajua kwa nini, Temuulen? Siku hizi watoto wanapata chanjo, akina mama wanajifungulia hospitali. Wazazi hawana tena haja ya kuficha mtoto chini ya sufuria. Jina hili linapotea kwa sababu watoto wanaishi."

"Basi lipotee," alisema Bibi Dulam. "Huyu wangu anatosha kuwa wa mwisho."

Jioni, baada ya kuzoa majivu, Enebish aliketi karibu na jiko na karatasi safi. Bibi alikuwa anashona. Safari hii Enebish alifungua kinywa na hakukifunga.

"Bibi, wale watatu waliitwa nani?"

Sindano ilisimama. Bibi akachovya kidole kwenye masizi ya jiko, akampaka puani kama anavyopakwa mtoto mchanga asidhuriwe na kitu.

"Hapo ndipo ungeanzia, mjukuu wangu, kwa kuuliza. Usichokijua, uliza, hata kama unaliogopa jibu. Ukijijibu mwenyewe kwa uongo, unamuumiza anayekupenda, nawe unabaki hujui kitu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Haya. Andika."

Akamtajia majina moja moja, polepole. Enebish aliyaandika yote matatu kwa mwandiko wake mzuri, na chini yake akaandika la kwake.