Gari Lililoitwa Kibo

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na manyunyu ya baridi yalidondoka tangu alfajiri. Mlima haukuonekana kabisa. Huko Kidia, juu ya mji wa Moshi, Loveness alikuwa amekwisha kumkatia ng'ombe majani na kufagia zizi. Shule zilikuwa zimefungwa. Alioga, akavaa sweta, akamsaidia bibi yake, Bibi Veronika, kufunga mikungu ya ndizi ya kupeleka sokoni.

Loveness alikuwa na miaka kumi na tatu, na aliipenda siku ya soko kuliko siku zote. Bibi akishapanga ndizi zake, alimruhusu aende kwa Khyati, rafiki yake wa darasani. Familia ya Khyati iliishi ghorofani karibu na soko, juu ya duka lao la vipuri vya magari. Sebuleni kwao kulikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta kulikuwa na mchezo ambao Loveness aliuwaza hata akiwa kanisani.

Ulikuwa mchezo wa mtandaoni wa kuendesha magari. Ulikuwa na nchi nzima ndani yake: miji, jangwa, milima na barabara zisizokwisha, na watu wa mataifa mbalimbali waliendesha humo kwa wakati mmoja. Khyati alikuwa na magari mengi, nao wawili waliyapa majina yao wenyewe. Duma lilikuwa jekundu, la chini chini. Liliondoka kama limefukuzwa, lakini mvua ikinyesha lilizunguka kama pia. Kifaru lilikuwa lori la magurudumu sita. Halikuwa na mbio, ila lilipanda kilima chochote. Mbege lilikuwa gari la zamani la kijani lililoyumba kila kona, kama mzee anayerudi kutoka kwenye pombe ya ndizi. Hilo liliwachekesha mpaka machozi.

Na lilikuwepo Kibo, jeupe pe kama theluji. Gari hilo halikuuzwa. Lilitolewa kwa wachezaji waliomaliza mashindano yote ya milimani katika msimu wa mvua wa mchezo huo, kisha msimu ukafungwa. Khyati alishindwa, akalia, akarudia, akashindwa tena, mpaka akalipata.

Siku hiyo mama yake alimwita amsindikize kwa fundi wa nguo, kwa sababu Jumamosi iliyofuata shangazi yao alikuwa anaolewa.

"Endesha lolote," Khyati alimwambia Loveness. "Kibo usiliguse."

"Nimesikia, bwana. Nenda!"

Mlango ulipofungwa tu, Loveness alilichagua Kibo. Lilipita kwenye madaraja bila kutikisika. Mchezaji mmoja asiyemjua akamwita kwenye mashindano: atakayeshinda achukue gari la mwenzake. Loveness alikuwa akishinda siku zote akiwa na Duma. Akakubali. Kwenye kona ya mwisho alichelewa kushika breki, Kibo likatoka barabarani, na yule mgeni akapita. Mara kioo kikaonyesha nafasi tupu mahali lilipokuwa gari jeupe.

Loveness aliinuka, akatoka kwenda barazani. Isha, mdogo wake Khyati, msichana wa miaka tisa, alikikuta kiti kitupu akakaa na kuanza kubonyeza. Hapo ndipo Khyati alipoingia.

"Kibo liko wapi? Isha! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu! Nimekuta hivi hivi!"

"Muongo wewe! Loveness, nani alikuwa anacheza?"

Loveness alisimama mlangoni. "Mimi nilikuwa nje," alisema.

Mama Khyati aliingia na vitambaa mkononi, akasikiliza. "Isha, sema kweli, nitakusamehe."

"Nimesema kweli, Mama!"

"Gari la kwenye kompyuta halinihusu," mama alisema kwa ukali. "Uongo unanihusu. Hutacheza dandia kwenye harusi."

Isha alikuwa amefanya mazoezi ya ngoma hiyo ya vijiti kwa wiki nyingi. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Loveness aliaga, akaondoka.

Nyumbani hakuweza kula. Kila alipofumba macho asali, alimwona Isha. Siku ya soko iliyofuata, Jumanne, alipata wazo. Mpakani mwa shamba lao palikuwa na masale, mimea ya majani marefu. Kwa Wachagga, mtu aliyekosa hupeleka jani la sale kwa aliyemkosea, na ni vigumu sana jani hilo kukataliwa. Loveness alichuma moja, akalificha ndani ya sweta. Alifikiri: nikimpa Isha, akilipokea, kosa litakuwa limekwisha, na hakuna atakayejua.

Alimkuta Isha peke yake ngazini. "Pokea hili, mdogo wangu."

"La nini?"

"Pokea tu."

"Nani amekuja na sale nyumbani kwangu?" Mama Khyati alikuwa amesimama juu yao.

"Shikamoo, mama. Ni... ni la kumpa Isha pole."

"Pole husemwa kwa mdomo! Unadhani mimi mgeni? Nimezaliwa Moshi hii. Baba yangu aliletewa sale dukani na watu wazima, na kila mmoja alikuja na mtu wa kwao, akataja kosa lake kwanza. Wewe kosa lako ni lipi?"

Loveness alilirudisha jani ndani ya sweta.

"Kamlete bibi yako. Sasa hivi!"

Sokoni, Loveness alieleza yote huku akilia. Bibi Veronika alisikiliza, uso ukizidi kuwa mgumu.

"Mae! Umechuma sale la babu yako ukafunikie uongo?"

"Bibi, niliogopa."

"Na yule mtoto hakuogopa? Ameitwa muongo nyumbani kwao, na wewe unamletea jani umzibe mdomo!" Alimwachia jirani ndizi zake, akajifunga kanga kiunoni. Kisha akainamisha kichwa palepale kati ya mafungu ya ndizi. "Bwana, nishike ulimi, maana nina hasira. Twende!"

Walipofika, Mama Khyati na watoto wake wawili walikuwa sebuleni. Bibi hakukubali kiti.

"Sema," alimwambia Loveness.

"Ni mimi niliyeendesha Kibo. Nikashindana, nikanyang'anywa. Isha hakuligusa."

Khyati aliruka kutoka kitini. "Nilikwambia usiliguse! Lakini gari potelea mbali! Umeniacha namwita mdogo wangu muongo, nawe umesimama pale unatazama! Rafiki gani wewe?"

Loveness alimnyooshea Isha jani kwa mikono miwili. Isha alilipiga likaanguka sakafuni.

"Sitaki! Mmeniita muongo wote! Hata wewe, Mama!"

Loveness alimgeukia bibi yake, akidhani atamkemea Isha kwa kulikataa sale. Bibi alitikisa kichwa. "Mwache. Hasira yake ni ya haki. Sale si kufuli la kinywa cha mtu."

Mama Khyati alipiga magoti mbele ya binti yake. "Na mimi nimekosa. Ulisema kweli, nami nikakuadhibu. Utacheza, mwanangu. Nisamehe."

Isha alifuta pua kwa kiganja. "Wale wa mazoezi wote wanajua mimi ni muongo. Paresh ananiimbia kila siku. Loveness akawaambie wao."

Binamu zao walikuwa uani, nyuma ya duka, wakifanya mazoezi. Loveness alitamani ardhi immeze.

"Sikiliza, mjukuu wangu," Bibi Veronika alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia. "Uongo wako hukuusema gizani, uliusema mbele ya watu, ukamchafua mtu. Toba ya chumbani husikiwa na Mungu, lakini haimsafishi Isha. Aliyechafuliwa mbele ya watu asafishwe mbele ya watu. Nenda, nami nitasimama na wewe."

Waliteremka. Vijiti vikanyamaza. Paresh, binamu yao mkubwa kidogo, alianza kucheka. "Haya, muongo wetu kaja!"

"Nyamaza, Paresh," Khyati alisema. "Leo utasikiliza."

Loveness alisogea mbele. "Isha si muongo," alisema. "Muongo ni mimi. Mimi ndiye niliyelipoteza gari la Khyati, nikamwacha mtoto aadhibiwe."

"Sauti!" Isha alisema, mikono kiunoni. "Paresh hajasikia."

Paresh aliangalia chini. Loveness alivuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa mafundi waliokuwa dukani, nao wakageuka kutazama: "Isha si muongo! Muongo ni mimi, Loveness! Naahidi mbele ya Mungu, mbele ya bibi yangu na mbele yenu nyote: nikikosa, nitasema mwenyewe, kabla mtu mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yangu!"