Hodi Kwenye Mlango wa Mvule

Mbao kavu hazitoi utomvu. Fundi seremala alilijua hilo, maana mbao za mvule ule alizianika mwenyewe mpaka zikakauka kau, ndipo akatengeneza mlango wa chumba cha binti yake. Lakini ikawa kila adhuhuri mlango unalowa, na nyumba nzima inanuka majani mabichi.

Mvule wenyewe ulikuwa na heshima zake. Mtaani, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyeingia kivulini mwake bila kupiga hodi. Wagonjwa walipelekwa pale, waliogombana walipatana pale, na hakuna aliyewahi kuitikiwa, wala kungoja kuitikiwa. Ulipoangushwa kupisha barabara, fundi akawa wa kwanza kufika na msumeno wake. Mama mkwe wake alilia. Alimwambia fundi kwamba mwenye mti hajahama, amebomolewa nyumba tu. Fundi akamtania kwamba basi atamtafutia chumba cha kupanga. Mdomo huu, jamani!

Adhuhuri moja alikuwa uani anapiga randa, aliposikia sauti nzito ikitoka chumbani kwa mtoto.

"Hodi."

Akatupa randa akakimbia, lakini binti alikuwa mtoto mwenye adabu, na baba huyuhuyu ndiye aliyemfundisha kwamba mgeni haachwi mlangoni.

"Karibu," akaitikia. "Pita ndani."

Tangu hapo mtoto hakula wala hakulala, akawa anasimama nyuma ya mlango kutwa nzima na vidole vimekakamaa, na ngozi ya miguu yake ikaanza kupasuka na kuwa ngumu, na ukimwinamia umbusu unasikia kifuani mwake majani yakivuma kwa upepo ambao nje haupo, na fundi, aliyeng'oa mlango ule akauchoma moto uani, akarudi ndani akakuta harufu ileile sasa inatoka kwa mwanawe.

Mganga akaletwa. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, wala hakufungua mkoba.

"Nani alimwitikia?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mama mkwe akamwonyesha mtoto kwa kidole.

"Jini aliyevamia ningemtoa. Huyu kakaribishwa. Atatoka akiagwa na mwenyeji wake, kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi sina uwezo."

Fundi akapiga magoti, akaishika mikono ya mwanawe. Ilikuwa baridi na mizito. Aliogopa, na aliona haya kumwogopa mtoto aliyemzaa.

"Mama yangu," akanong'ona, "sema kwaheri. Neno hilo moja tu, halafu tukale."

Midomo ya mtoto ikafunguka. Machozi yakamtoka, na sauti iliyokuja ilikuwa yake kabisa, ile nyembamba ambayo nyumba ilikuwa imeikosa. Bibi yake akashika kifua kwa furaha.

"Kwaheri, baba," akasema.

Mikono ikajitoa taratibu viganjani mwa fundi. Aliyebaki ndani ya gauni lile akajikalia vizuri kitandani, na mganga akachukua mkoba wake bila kumtazama mtu.